Mkato au ufuatiliaji? Tazama kwanza kitenzi cha kichwa chako

Kazi yangu ni kula data za watu wengine. Mwanafunzi analeta fomu zake ndani ya mfuko wa plastiki, nyingine zimelowa mvua, mimi naziingiza kwenye Epi Info au SPSS, programu za takwimu, namtolea majedwali, tunaachana. Meza yangu iko karibu na kampasi, hapa Lubumbashi, Kongo, na kila ikikaribia miezi ya kuweka memwari, yaani tasnifu ya mwisho wa masomo, foleni inafika barazani.

Safari hii alikuja dada mmoja wa afya ya jamii. Kichwa chake kilikuwa kizuri kusomeka: "Athari ya kuchemsha maji juu ya kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5". Kwenye ukurasa wa mbinu ameandika mstari mmoja tu: huu ni utafiti wa transversali, yaani wa kupima watu mara moja tu. Nikamwuliza kwa nini transversali.

"Yaya, njo vile bote banaandika."

Hakukosea. Ndivyo wote wanavyoandika. Kati ya fomu zinazopita mezani kwangu, karibu zote zinatoka kwenye tafiti za transversali, na wengi walizichagua kama mtu anavyochagua daladala: iliyotangulia kusimama. Mwalimu naye, mbele ya jopo, anauliza swali lile lile la kila mwaka: kwa nini hii na si longitudinali, ile ya kuwafuata watu kwa muda? Hapo ndipo jasho linapoanza. Kwa hiyo nimeziweka hapa mbili hizo ubavu kwa ubavu, pamoja na ya tatu ambayo watu huisahau, nikieleza ipi inakufaa na ipi itakuaibisha.

Neno lenyewe linatoka wapi

Usianzie chuoni. Anzia kwa fundi umeme.

Mji wetu ni mji wa shaba, na ukienda kununua waya dukani utaulizwa kwanza: ya ngapi? Ya 1.5 kwa taa, ya 2.5 kwa prizi (soketi). Hiyo namba ni milimita za mraba, yaani eneo la uso wa shaba unaouona ukiukata waya kwa kukingama, kama unavyokata muhogo. Waya wa 2.5 wenye uzi mmoja una kipenyo cha milimita 1.78 hivi; wa 1.5 una milimita 1.38. Fundi anayejua kazi hasomi tu maandishi ya kwenye boksi. Anachukua koleo, anakata sentimita mbili za mwisho, anaugeuza ule uso kuelekea jua. Ukiwa mwekundu hadi katikati, ni shaba. Ukiwa mweupe ndani na wekundu pembeni tu, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na hapo ugomvi na muuzaji unaanza.

Huo uso ndio mkato wa kukingama. Unakuambia kila kitu kuhusu mahali ulipokata: unene, madini, ubora wa plastiki inayoufunika. Haukuambii kitu kuhusu mita ya nne ndani ya ukuta, ambapo uzi umekatika. Ili ujue hilo, itabidi uufuate waya kwa urefu wake, kutoka boksi hadi boksi, ukiwa na kipimo mkononi. Kukata na kufuata. Transversali na longitudinali. Kilatini chao kinasema hivyo hivyo: moja imelala kukingama, nyingine imekwenda kwa urefu.

Watafiti waliuchukua mkato wa fundi wakaupeleka kwenye wakati. Ukiyaona maisha ya watu kama nyaya elfu zinazokwenda sambamba kutoka jana hadi kesho, utafiti wa mkato ni kuzikata zote siku moja na kutazama nyuso zake. Nani ni mgonjwa leo, nani anachemsha maji leo, nani ana kazi leo. Utafiti fuatilizi ni kuchagua nyaya chache na kutembea nazo.

Kuna maana nyingine utakazokutana nazo, nazo ni ndugu. Picha za skana hospitalini ni mikato ya mwili, kipande baada ya kipande. Wanajiolojia wa migodini huchora mkato wa ardhi waone mshipa wa madini umelala vipi. Wachumi wana data za mkato, yaani bei ya unga katika masoko 7 asubuhi ya Jumamosi moja, na wanazitofautisha na mfululizo wa wakati, yaani bei ya soko moja kwa miezi 24. Ukiyafuata masoko yote 7 kwa miezi yote 24, hiyo wanaiita paneli. Yule wa kwanza anajua wapi unga ni ghali. Wa pili anajua lini unapanda. Ni wa tatu tu anayeweza kujibu kama mpaka wetu na Zambia pale Kasumbalesa ukifungwa, soko lipi linaumia kwanza.

Tahadhari moja ya lugha. Kwa Kiswahili cha mikutano utasikia "masuala mtambuka": jinsia, mazingira, haki za watoto, mambo yanayogusa kila sekta. Hayo nayo kwa Kifaransa huitwa transversali, na nimeshamwona mwanafunzi aliyeandika kwamba utafiti wake ni transversali "kwa sababu unagusa sekta zote". Sivyo. Hapa tunazungumza wakati, si sekta. Mimi nitasema mkato na ufuatiliaji, tuelewane.

Swali moja kwa njia mbili

Tuchukue swali la yule dada: maji na kuhara. Mahali ni komini ya Kenya, mojawapo ya wilaya za mji wetu. Msomaji wa mbali asichanganyikiwe. Hiyo ni komini yetu, si nchi ya Nairobi.

Kwa njia ya mkato, kazi inakwenda hivi. Unatafuta idadi ya kaya. Wengi huandika 384 au 385 bila kujua zinatoka wapi. Zinatoka kwenye 1.96 ukiizidisha kwa yenyewe, mara 0.5, mara 0.5, ukagawanya kwa 0.05 iliyozidishwa kwa yenyewe. Ile 1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95, ile 0.5 maana yake hujui kabisa ueneaji wa jambo lako, na ile 0.05 ni kosa unalolikubali. Kama umechagua mitaa badala ya kaya moja moja, majirani hufanana, kwa hiyo idadi hiyo lazima uipandishe, mara nyingi mara mbili. Halafu wadadisi wanne wenye simu na fomu ya Kobo (programu ya kukusanyia majibu kwa simu), kaya 20 kila mmoja kwa siku, na ndani ya juma moja umemaliza, au majuma mawili ukipandisha idadi. Swali kuu ni lile lile la tafiti kubwa za kitaifa: je, mtoto amehara ndani ya majuma 2 yaliyopita? Majuma 2 yamechaguliwa kwa sababu mama anayakumbuka. Mwulize habari ya miezi 6 atakujibu kwa heshima tu, ili uondoke.

Kwa njia ya ufuatiliaji, unaanza na watoto ambao leo hawahari. Unaandika maji yao ni ya bomba, ya kisima au ya kununua kwa bidoni (dumu), yanachemshwa au la. Kisha unarudi. Kila juma, au kila mwezi, kwa mwaka mzima, maana huku kuhara kwa mwezi wa saba kwenye kiangazi si kuhara kwa Januari ambapo mvua inasukuma maji ya vyoo hadi mlangoni. Kila ukirudi unahesabu kesi mpya.

Inasikika rahisi hadi mwezi wa tatu. Mpangaji amehama kwa sababu mwenye nyumba amepandisha kodi. Namba ya simu haipatikani. Mtoto amepelekwa kwa bibi yake Likasi. Baba, aliyekubali kwa tabasamu mwezi wa kwanza, sasa anauliza mnatuandika andika kila siku mtatupa nini. Ukianza na watoto 300, usishangae ukimaliza bila sehemu nzuri yao. Ndiyo maana watu huongeza tangu mwanzo asilimia 10 au 20. Na kinachouma si upungufu wa idadi. Wanaopotea hawafanani na wanaobaki. Wanaohama mara kwa mara ndio wenye maisha magumu zaidi, ndio wenye maji mabaya zaidi. Wakiondoka, data zako zinapona wakati komini haijapona.

Wala sijataja usafiri wa wadadisi kwa mwaka mzima. Kwa memwari inayolipiwa na mjomba, hesabu hiyo inaisha haraka.

Basi, mkato ni rahisi na ufuatiliaji ni ghali. Hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana vizuri ni kwamba zinajibu maswali tofauti hata pale maneno yake yanapofanana.

Hesabu ya magonjwa mawili

Nikiwa na mwanafunzi mkaidi huwa namchorea hii nyuma ya fomu. Kuna ugonjwa A, unaopata watu wapya 10 kila mwezi na kila mmoja anaugua miezi 6. Kuna ugonjwa B, unaopata watu wapya 60 kila mwezi na kila mmoja anaugua mwezi 1. Nenda siku yoyote ukakate: utakuta wagonjwa 60 wa A na 60 wa B. Mkato utasema magonjwa haya yako sawa.

Kama wewe ni msimamizi wa hospitali na unataka kujua vitanda vingapi viwepo kesho, mkato umekuambia ukweli mtupu. Vitanda ni 120. Kama kazi yako ni kinga, umedanganyika, kwa sababu B inashambulia watu mara 6 zaidi. Mkato unahesabu walioko: ueneaji. Ufuatiliaji unahesabu wanaoingia: kesi mpya. Ueneaji ni kesi mpya zikizidishwa kwa muda wa kuugua, kwa makadirio, kama hali imetulia. Ndiyo sababu dawa nzuri inaweza kupandisha ueneaji: watu wenye virusi vya ukimwi wakipata dawa hawafi, wanabaki kwenye hesabu. Mwandishi wa habari asiyelijua hilo atatangaza kwamba dawa zimeshindwa.

Wasiokuwepo siku ya kukata

Hapa ndipo pananigusa zaidi, kwa sababu ndipo mji wetu unapoingia.

Tuseme unataka kujua kama kuchimba madini kwa mikono kunaharibu mapafu. Unakwenda machimboni na kifaa chako cha kupima pumzi, unawapima waliopo, unawapanga kwa miaka ya kazi. Usishangae ukikuta wenye miaka 10 kazini wanapuliza vizuri kuliko wenye miaka 2. Utaandika nini? Kwamba vumbi linaimarisha kifua? Waliobanwa na kifua walishaondoka. Wako nyumbani Katuba, wanauza makaa, au wako makaburini. Uliowakuta na miaka 10 ndio waliohimili. Mkato unapiga picha ya waliosimama; walioanguka wako nje ya picha.

Kasoro nyingine ni ya vizazi. Ukichukua wazee wa mji huu waliosoma katika shule za kampuni, enzi za Union Minière na kisha Gécamines, kampuni za madini, ukawapa barua waandike, halafu ukawapa vijana waliosoma miaka ya shule kuyumba, huenda wazee wakaandika vizuri zaidi. Je, mtu akizeeka anajifunza kuandika? Hapana, uliowalinganisha ni vizazi, si umri. Kosa hili liliwahi kuwapotosha hata mabingwa wa saikolojia: kwa mikato walidhani akili ya mtu inaanza kushuka mapema sana, mpaka tafiti fuatilizi, kama ile ya Seattle iliyoanza 1956, zilipoonyesha kwamba mtu yule yule akifuatwa, uwezo wake mwingi unadumu hadi uzeeni kuliko ilivyodhaniwa. Vijana walikuwa wamesoma zaidi kuliko wazee wao, basi.

Na kasoro ya tatu ni mkia na kichwa: kipi kilitangulia. Hiyo ndiyo iliyomkuta dada yetu, nitairudia.

Lakini mkato usidharauliwe

Nasikia walimu wengine wakiusema mkato kama njia ya maskini. Siafiki. Karibu kila tunachokijua kuhusu afya ya nchi hii kimetoka kwenye mikato. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, ule wa EDS, ulifanyika 2007 na tena 2013-2014, na ni mkato. Ndio uliotuambia mwaka 2013-2014 kwamba asilimia 43 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na kwamba virusi vya ukimwi viko kwa asilimia 1.2 ya watu wazima waliopimwa, kutoka 1.3 mwaka 2007. Uchunguzi mwingine wa kitaifa wa kaya, ule wa MICS wa 2017-2018, ukaja na asilimia 42 ya watoto waliodumaa.

Tazama hapo kitu kizuri: mikato kadhaa ya mfululizo. Si watoto wale wale, ni watoto wengine wa umri ule ule, lakini ukiiweka mikato sambamba unaona nchi inakwenda wapi, au kama imesimama. Hutajua mtoto gani alipona na kwa nini. Utajua kama hali ya jumla imebadilika. Kwa wizara, mara nyingi hiyo inatosha.

Sensa nayo ni mkato, mkubwa kuliko wote, na ya mwisho nchini kwetu ilikuwa 1984. Mwanafunzi anayelalamika kwamba hapati orodha ya kaya ya kuchagulia sampuli yake ana haki ya kulalamika. Huishia kuomba hesabu za zoni ya afya au kutembea mtaa kwa mtaa akiandika milango kwa chaki.

Njia ya tatu, na mfano wa hapa hapa nyumbani

Tuseme jambo lako ni adimu. Mtoto 1 kati ya 1,000. Ukikata kaya 385 huenda usimpate hata mmoja. Ukifuatilia watoto 300, vivyo hivyo. Hapo unageuza safari: unaanza na wagonjwa wenyewe, unatafuta wasio wagonjwa wa kuwalinganisha nao, unauliza nyuma. Wafaransa huziita tafiti za kesi na mashahidi, jina ambalo mimi nalipenda.

Kobalti ya Katanga imepitia njia hizi kwa zamu, na mpangilio wake unafundisha kuliko kitabu. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya mkojo wa watu 351 wa eneo hili. Swali lilikuwa la mkato: je, madini yamo miilini mwa watu, na kwa kiasi gani, wapi zaidi? Walikuta kobalti nyingi sana, hasa kwa waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia. Hawakuhitaji kumfuata mtu mwaka mzima ili kujua hilo. Chupa ya mkojo, mara moja.

Kisha swali likabadilika: je, haya madini yanahusiana na watoto wanaozaliwa na kasoro? Mkato usingeweza, kasoro ni adimu. Kwa hiyo utafiti uliochapishwa 2020 ulikuwa wa kesi na mashahidi: watoto wachanga 138 wa Lubumbashi waliozaliwa na kasoro zinazoonekana, dhidi ya 108 wasio nazo, waliozaliwa kati ya 2013 na 2015. Kilichojitokeza kwa nguvu zaidi ni kazi ya baba: baba kufanya kazi ya madini kuliendana na uwezekano mkubwa zaidi wa kasoro. Mji ule ule, madini yale yale, swali jingine, kwa hiyo mbinu nyingine. Nikiulizwa mbinu ipi ni bora, huwa natoa mfano huu kisha nanyamaza.

Kuna ujanja mmoja pia kwa asiye na miaka ya kusubiri. Kampuni kubwa za hapa ziliweka rejista: jina, tarehe ya kuajiriwa, idara, kliniki. Mwenye bahati ya kufunguliwa kabati hizo anaweza kujenga kohoti (kundi la watu wanaofuatwa pamoja) ya kurudi nyuma, anaanza na walioajiriwa mwaka fulani na kuwafuata kwenye karatasi hadi leo. Fikiria wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walioondoka kwa mpango wa hiari mwaka 2003. Hao ni kohoti iliyojitengeneza yenyewe, na ina tarehe ya mwanzo.

Kufuata watu kwenda mbele kumetoa mazao makubwa duniani, hilo halina ubishi. Utafiti wa moyo wa Framingham huko Marekani ulianza 1948 na watu 5,209, na leo kila muuguzi anayekupima presha anafanya hivyo kwa sehemu kutokana na kazi ile. Huko Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza na kesi na mashahidi mwaka 1950, wakaona sigara na saratani ya mapafu vinaendana. Wenye mashaka wakabaki na mashaka. Mwaka 1951 wakaanza kuwafuata madaktari wenyewe, ufuatiliaji uliodumu miaka 50. Lakini hao walikuwa na mishahara, posta inayofika na rejista ya vifo. Usijilinganishe nao ukiwa na miezi 5.

Kitenzi

Sasa nikupe kipimo ninachokitumia mezani. Sisomi kwanza mbinu. Nasoma kichwa, natafuta kitenzi, hata kama kimejificha ndani ya jina.

"Ueneaji wa", "mazoea ya", "kiwango cha", "maarifa na mitazamo", "mambo yanayoendana na": mkato unatosha, songa mbele bila aibu. "Mabadiliko ya", "kupungua kwa", "maendeleo ya mtoto", "muda hadi kupona": hapo kuna wakati ndani yake, na mtu aliyekata mara moja hana wakati wa kuonyesha. "Athari ya", "sababu za", "mchango wa": hivi ndivyo hatari, kwa sababu vinaingia kichwani bila kubisha hodi. Athari maana yake kitu kimoja kimetangulia na kingine kimefuata. Umekiona kikitangulia? Wapi?

Zipo kesi ambapo mkato unaruhusu kusema kipi kilitangulia, nisizifiche. Kundi la damu, jinsi, mahali ulipozaliwa: hivyo havibadilishwi na ugonjwa wa juzi. Ukikuta vinaendana na jambo fulani, angalau huna mashaka na mpangilio wa wakati.

Kwenye uchambuzi, kosa ninalolirekebisha mara nyingi ni la uwiano. Mwanafunzi ana kaya 100 hapa zenye jambo kwa 60, na kaya 100 pale zenye jambo kwa 40. Programu inamtolea uwiano wa tarajio (odds ratio: 60 kwa 40 ikigawanywa kwa 40 kwa 60) wa 2.25, naye anaandika "mara 2.25 zaidi". Si kweli. Ueneaji ni asilimia 60 kwa 40, yaani mara 1.5. Jambo likiwa la kawaida, uwiano wa tarajio hupanda juu ya ukweli. Kwa mkato toa uwiano wa ueneaji, programu inaweza ukiiomba. Na kabla ya kwenda mbele ya jopo pitia orodha ya STROBE ya 2007, inayosema ripoti ya utafiti wa aina hizi ieleze nini, vipengele 22, ina sehemu za mkato, kohoti na kesi na mashahidi. Wajumbe wa jopo wanaijua hata kama hawaitaji.

Yule dada

Tuliingiza fomu zake zote. Jedwali likatoka: kaya zinazochemsha maji zilikuwa na watoto wanaohara wengi kuliko zisizochemsha.

Alikaa kimya. Kisha akasema atabadilisha dodoso, au huenda wadadisi wamekosea safu. Hawakukosea. Nilimwomba fomu za karatasi, zile za siku mbili za mwanzo kabla ya simu kufika, tukazigeuza moja moja. Kwenye ya tisa au ya kumi, mdadisi mmoja mwenye bidii alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu ya risasi: "mama anasema wameanza kuchemsha tangu mtoto alipougua". Kwenye nyingine, maneno karibu yale yale. Dodoso halikuwa na swali la "tangu lini".

Hakuwa na fedha za kurudi Kenya kwa mwaka mzima, wala za mwezi. Tulikaa hadi taa zikakatika, tukaendelea kwa mwanga wa simu. Alifuta "Athari ya" akaandika "Kuhara na mazoea ya maji", akaongeza aya kwenye mipaka ya utafiti inayosema wazi kwamba kuchemsha kunaweza kuwa kumekuja baada ya ugonjwa, na zile fomu zenye maandishi ya pembeni akazipiga picha kwa viambatisho. Asubuhi yake alirudi na nauli ya wadadisi wawili kwa siku moja, na dodoso lenye swali moja tu jipya.

"Yaya, tutie: tangu lini. Nitaenda kwa zile kaya zinazochemsha peke yake."